Kupimiwa risasi za kuzamia bwawani Moshi kabla ya kushuka pwani: nyota nne kati ya tano

Kwa watu wa Moshi na Arusha mnaoshuka Tanga, Pangani, Zanzibar au Mafia kuzamia na mitungi ya hewa, kuna mwalimu mmoja hapa mjini anatoa huduma ambayo mi naona kila mzamiaji mpya angeipata kabla hajapanda boti. Anakupima risasi, vile vipande vizito vya madini ya risasi unavyofunga kiunoni ili uzame. Yani anakuingiza bwawani na vifaa vyote, wetisuti yako mwenyewe (suti ya mpira ya kuzamia), jaketi la kujaza hewa, mtungi, na anakaa na wewe mpaka mjue kwa uhakika unatakiwa kubeba kilo ngapi kiunoni. Ndo hicho tu. Hakuna cheti, hakuna picha za kuposti, unatoka na namba na unajua hiyo namba imetokea wapi.

Jina lake na la hoteli siweki hapa, wateja anawapata kwa watu kuambiana na akitaka kujitangaza atajitangaza mwenyewe. Bei niliyolipa ni elfu 60, ndani yake kuna mtungi, mkanda na risasi, na jaketi kama huna. Kiingilio cha bwawa unajilipia, kwangu ilikuwa elfu 10. Anafanya asubuhi na mapema kabla watoto wa kuogelea hawajajaa, na kama ni mwezi wa saba jiandae, maji ya bwawa Moshi saa moja asubuhi yana baridi ya kweli, ila ukishavaa suti unavumilia.

Nieleze kwanza kwanini nilimtafuta. Mi kazi yangu ni kupandisha wageni Kilimanjaro. Kule getini mzigo wa pota, yani mbeba mizigo, unawekwa kwenye mizani, kilo 20 ndo mwisho, ukizidi unapunguzwa palepale, hakuna mtu anaangalia begi kwa macho akasema hili litakuwa 18 pita nalo. Sasa nilivyoanza kuzamia nikashangaa kukuta uzito wa mtu unakadiriwa kwa kumtazama. Kuna boti moja huko pwani, siitaji, mtu wa vifaa alikuwa ananiangalia juu mpaka chini, anasema huyu 12, ananifungia mkanda, twende. Kilo 12, na suti yenyewe ya kuazima ya mili 3, yani unene wa milimita 3. Ukisema mbona nazama sana unajibiwa jaza hewa kwenye jaketi.

Na hapo kwenye jaza hewa ndo penye shida yote, naomba mnisikilize vizuri hapa. Ukiwa na risasi za ziada inabidi jaketi libebe hewa nyingi ili usikae mchangani. Hewa nyingi ndani ya jaketi haitulii, ukipanda mita mbili inatanuka inakuvuta juu zaidi, unaitoa, unazama, unajaza tena, na kila ukijaza unatumia hewa ileile unayotakiwa uipumue. Mkanda unavuta kiuno chini, jaketi linavuta kifua juu, kwahiyo unaogelea umesimama nusu, miguu inaning'inia na mapezi yanapiga matumbawe. Tumbawe linakua taratibu mno, aina nyingi ni milimita au sentimita chache kwa mwaka, tawi lililovunjwa na pezi la mtu aliyefungwa risasi za kubahatisha halirudi leo wala mwakani. Mi nilikuwa natoka majini nimechoka mapaja na mtungi umeisha wakati wenzangu bado wana hewa ya kutosha, na nilikuwa naambiwa ni uzoefu, utazoea. Haikuwa uzoefu, zilikuwa kilo.

Turudi bwawani. Mwalimu ni mtu wa Tanga, mpole, anaongea taratibu. Akaniuliza una kilo ngapi, nikamwambia 78, akaandika kwenye daftari afu akasema, "Mangi, hii namba ni ya kuanzia tu, haitatufikisha." Akanieleza ile hesabu inayozunguka sana, kwamba ukivaa mili 3 chukua kama asilimia 5 ya uzito wa mwili na ukivaa mili 5 chukua kama asilimia 10, yeye anaitumia kujua aweke vipande vingapi pembeni ya bwawa, basi, baada ya hapo maji ndo yanaamua. Na nilielewa kwanini siku ileile, maana nilikuwa nimeenda na rafiki yangu ambaye ni pota, kwenye mizani tunalingana kabisa, ila yeye ni msuli na mfupa mtupu na mi nina mwili kidogo. Tulipeana suti ileile moja, tukapimwa kwa zamu, yeye akatulia na kilo 4 mi na kilo 6. Mafuta ya mwili yanaelea, msuli na mfupa unazama, mizani ya bafuni haijui tofauti yake. Sasa yule mtu wa boti anayetazama kwa macho anajuaje?

Kipimo chenyewe kinafanyika hivi. Unaingia sehemu isiyofika miguu, unatoa hewa yote kwenye jaketi, unatulia wima, unavuta pumzi ya kawaida unaishikilia. Risasi zikiwa sawa maji yanafika usawa wa macho na unabaki pale. Ukitoa pumzi unaanza kushuka polepole. Ukibaki unaelea mpaka mabegani umepungukiwa, ukizama huku umeshika pumzi umezidisha, anatoa kipande kimoja mnarudia. Kwenye maandishi ni rahisi, kwenye maji ndo utaona kazi ya mwalimu.

Kwa sababu mtu akiwa na wasiwasi anadanganya kipimo bila kujijua. Anapiga miguu. Anajaza mapafu hataki kuyamwaga. Mwalimu alinifundisha kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia, kwamba tofauti ya mapafu yaliyojaa kabisa na mapafu yaliyotolewa vizuri ni lita tatu nne za hewa, na lita moja ya hewa inakuinua karibu kilo moja, kwahiyo mtu mwoga aliyejaza kifua ameshajifunga boya la kilo tatu yeye mwenyewe. Mtu wa vifaa akimwona haendi chini anamwongezea kipande. Na bado haendi, anaongezewa kingine. Kumbe alitakiwa apewe dakika mbili na aambiwe toa pumzi, toa yote, subiri. Mi mwenyewe nilianza nikiwa naelea na kilo 8, mwalimu hakuongeza kitu, akaniambia pishanisha vifundo vya miguu, mikono kifuani, toa pumzi ndefu mpaka mwisho. Akanivuta ukosi wa suti maji yaingie, viputo vikatoka. Akanibonyeza jaketi begani pale hewa inapojificha, vikatoka vingine. Tukasubiri. Nikashuka mwenyewe, taratibu, na kilo 8 zikaonekana ni nyingi, tukaanza kutoa mpaka 6. Kwa kweli hiyo nusu saa ya kutulia ndo thamani ya elfu 60 yangu, mengine yote ni nyongeza.

Kitu kingine alichofanya sawasawa ni mtungi. Hapimi na mtungi uliojaa. Anatumia ule ambao geji ya presha imeshashuka mpaka karibu bar 50, kwa makusudi. Hewa ina uzito jamani, mtungi wa alumini wa lita 11 ukijazwa mpaka bar 200 una hewa ya lita 2,200 hivi, na hiyo ukiipima ni zaidi ya kilo mbili na nusu. Unavyopumua unaitoa, kwahiyo mwisho wa safari mtungi umepungua kilo mbili na ule wa alumini unaanza kuelea kabisa, unakuinua mgongo. Ukipimwa na mtungi uliojaa ukaambiwa uko sawa, utakuja kuhangaika pale mita 5 unapotakiwa utulie dakika 3 kabla ya kutoka, unapanda huku hutaki. Kama hakuna mtungi wa kupungua, anasema pima na uliojaa halafu ongeza kilo 2. Na ukikutana na mtungi wa chuma, huo hauelei hata ukikaribia kuisha, unaweza kupunguza risasi kama kilo 2 ukilinganisha na wa alumini, uliza kabla hujafunga mkanda.

Halafu chumvi. Bwawa ni maji baridi, bahari ni ya chumvi na ni nzito zaidi kwa kama asilimia mbili na nusu, na kanuni ya Archimedes tuliyokariri sekondari inasema unasukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji uliyoyasukuma pembeni. Kwahiyo akanipandisha kwenye mizani nikiwa na kila kitu mwilini, suti, mtungi, jaketi, risasi, ikasoma 105 na kitu, asilimia mbili na nusu yake ni kilo mbili na nusu na zaidi kidogo. Akaandika: bwawani 6, baharini anza na 9 halafu pima tena ukiwa pale. Neno la pima tena alilipigia mstari mara mbili. Hii ya maji baridi ni muhimu na kwa wale mnaojaribu vifaa kwenye maziwa yetu ya huku, namba ya Ziwa Chala usiipeleke Mnemba, kisiwa cha Zanzibar, vilevile ilivyo, na ya Mnemba usiilete Chala, utazama kuliko ulivyopanga.

Sasa suti yenyewe, maana watu wengi wanadhani unene ndo kila kitu. Yangu ni mili 5 niliyoipata mitumba pale Memorial, imetunzwa, ila ni ya zamani. Neoprini ni mpira wenye viputo vidogo vidogo vya gesi ndani, hivyo viputo ndo vinakupa joto na ndo vinakuelesha. Suti ikishatumika sana viputo vinapasuka na kubonyea, mpira unakuwa mwembamba, kwahiyo mili 5 mpya dukani na mili 5 iliyozeeka hazielei sawa. Mwalimu aliibonyeza kwa vidole, akaibonyeza na nyingine mpya aliyokuwa nayo, tofauti unaisikia mkononi. Ndo maana anakataa kukupima na suti yake kama unajua utavaa yako, na akasema wazi kwamba siku ukibadilisha suti namba hii umeifuta.

Na hiyohiyo suti inabadilika ukiwa chini. Mita 10 presha ni mara mbili ya juu, viputo vinabanwa vinabaki karibu nusu, mita 20 ni mara tatu, mita 30 mara nne. Suti iliyokuwa inakuelesha kilo tano sita juu, kule chini imepoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo, unakuwa mzito bila kuongeza kitu. Hapo ndo kazi halali ya jaketi, kujaza kidogo kufidia suti iliyobanwa na hewa ya mtungi ambayo bado hujaitumia. Unapopanda suti inatanuka tena, mtungi umekuwa mwepesi, na ile mita 5 ya mwisho ndo sehemu unayoelea kuliko zote. Ukipimwa kwa ajili ya pale, kwingine kote jaketi linatosha. Alinichorea hiki kitu kwenye ubao wa kuandikia majini kwa penseli na mi nilikielewa palepale, nilikuwa nimehudhuria maelezo mengi kabla na sikuwahi kukielewa hivyo.

Tukamalizia na kupanga risasi, hapa alipita haraka kidogo. Mi miguu yangu inazama, kwahiyo akahamisha kilo 2 kutoka kwenye mkanda akaziweka kwenye mkanda wa mtungi juu karibu na mabega, zilizobaki kiunoni, nikalala mlalo bila kujitahidi. Akasisitiza zile za kiunoni ndo nyingi na kifungo cha mkanda kifunguke kwa mkono mmoja, kwa sababu tatizo likitokea juu ya maji kitu cha kwanza ni kudondosha mkanda, mtu anaelea, mengine yanafuata. Akanifanyisha kufungua nikiwa nimefumba macho, kwa mkono wa kulia, tena na tena. Na akanikumbusha kwamba suti ikibanwa chini kiuno kinapungua, mkanda unalegea na kuzunguka, kaza ukishafika.

Je ilifanya kazi baharini? Ndio. Nilishuka Tanga baada ya hapo, nikavaa mili 5 yangu, nikaanza na 9 kama alivyoandika, nikapima pale juu kabla ya kwenda, ikaonekana moja imezidi, nikabaki na 8. Mwisho wa safari, geji inakaribia 50, mita 5, nikatoa hewa yote kwenye jaketi na nikakaa pale, nikivuta pumzi napanda kidogo, nikitoa nashuka kidogo, mikono imetulia. Dakika 3 zilipita naangalia samaki. Na fikiria, hiyo ni mili 5 kwa kilo 8, wakati na mili 3 nilikuwa nafungwa 12. Hewa ilinitosha mpaka mwisho na kundi na mapaja hayakuuma. Yule kijana wa boti aliniangalia nikichukua vipande akasema bro hizo chache hutashuka, nikamwomba kwa heshima aniache nipime, nikashuka mbele yake, akakubali.

Sasa kwanini nyota nne. Bwawa halina kina cha maana, sehemu yenye kina kirefu kabisa ni mita mbili na kidogo, kwahiyo ule utulivu wa mita 5 huwezi kuufanyia mazoezi pale, unaondoka umeuelewa kichwani ila mwili haujaufanya. Hilo si kosa lake, mabwawa ya kina kirefu sijayaona huku, ila mlipe mkijua. Pili vipande vyake ni vya kilo moja moja na mbili mbili, hana vya nusu kilo, na mtu mwembamba nusu kilo ni kitu kikubwa, shemeji yangu mwenye kilo 52 aliishia katikati, na 3 anaelea, na 4 anazama, akaambiwa baki na 4. Kwa huduma ambayo msingi wake wote ni kupima kwa usahihi, vipande vya nusu vinatakiwa viwepo. Tatu Jumamosi anachukua watu wengi mno, nimeona kundi la watu sita na mwalimu mmoja, ile subira ya kutulia na kutoa pumzi haiwezekani na watu sita. Nenda katikati ya wiki. Na chumba cha kubadilishia nguo upande wa kina mama mlango haufungi vizuri, nilimwambia, akasema atauongelea na hoteli, sijui kama umetengenezwa.

Kwa walioko Arusha mnaojiuliza kama inafaa kuja mpaka Moshi kwa kitu cha masaa mawili, kama una suti yako na unazamia angalau kila mwaka, njoo. Kama unakodisha kila kitu pwani na kila safari suti tofauti, namba haitakusaidia sana, ila ule mtindo wa kupima utakusaidia, unaweza kuufanya mwenyewe pembeni ya boti kwa dakika chache na suti yoyote watakayokupa. Mkija leteni suti mtakayoivaa kwelikweli pamoja na viatu na kofia kama mnavaa, navyo ni neoprini vinahesabika. Muombe akutumie ukurasa wa daftari kwa WhatsApp, wangu uko kwenye simu: uzito wangu, suti, aina ya mtungi, kilo za bwawani, kilo za baharini.

Na kuna jambo alilolisema mwishoni ambalo watu wa pwani huwa hawatuambii kwa sababu wao wanaishi usawa wa bahari. Sisi tunarudi nyumbani juu. Moshi ni mita 800 hivi, Arusha ni kama 1,400, na ushauri wa kusubiri baada ya kuzamia kabla ya kupanda ndege, ili gesi iliyoingia mwilini ukiwa chini itoke kwanza, masaa 12 ukizamia mara moja na 18 ukizamia zaidi, unahusu kupanda juu ya mita 600 na kuendelea, kwahiyo na basi la kurudi huku linahesabika, na hata hiyo lifti ya gari ya rafiki anayeondoka Tanga jioni ileile. Wageni wangu nawaambia mlima kwanza halafu bahari, kwa sababu hiyohiyo. Mi siku hizi nazamia Ijumaa na Jumamosi asubuhi, Jumapili mchana ndo napanda basi la Moshi.